Nguzo

Wageni wa Kalifonia huviita vilima hivi dhahabu.
Dhahabu gani? Mwezi wa nane ni ukoko wa wali,
na ukoko una rangi saba usipouharakisha.

Nimetega stendi kwenye mchanga wa korongo,
nimeining'inizia jiwe,
maana upepo wa huku hauna adabu.
Mafuta ya kitani, tambara, kisu cha rangi.
Vivuli naanza kwa zambarau.
Nyeusi sinunui tangu moto ule wa Oktoba:
ilibaki nyingi, ya bure, mlimani.

Jirani yangu Hagop anapita na mbwa,
anasimama nyuma yangu, anakuna kidevu.
"Mbona nguzo ya umeme hujaichora?"
Inaharibu, namwambia.
"Inaharibu nini? Ndiyo iliyowasha."
Huyo, kaenda zake, mbwa akivuta kamba.

Jua limesogea.
Ukuta wa korongo niliouanza haupo tena,
umekuja mwingine, mkavu, hauna siri.
Inzi amenasa angani. Namtoa kwa ncha ya kisu,
anauacha mguu mmoja kwenye buluu.

Nachovya brashi nyembamba.
Mkono unakataa, kisha unakubali:
mstari wa kijivu, wima,
na nyaya tatu zikilikata bega la kilima
pale pale nilipopapenda.

Rangi ya mafuta haikauki upesi.
Wiki nzima ningeweza kuifuta nguzo ile kwa kidole.
Kila asubuhi napita na kikombe cha kahawa,
naitazama,
mkono wa pili mfukoni.