Kitufe cha Wadudu

Saa nane na dakika kumi na mbili usiku, Buhongwa.
Feni inasukuma joto lile lile toka ukuta huu hadi ule.
Mbele yangu nyuso kumi na sita,
kila moja na taa yake ya kijani,
wanaume wa semi, wanaitazama barabara,
nami nawatazama wao.

Kazi yangu ni vitufe vitano:
Sinzia. Simu. Sigara. Mkanda. Mengineyo.
Mashine ikishtuka, uso unakuja mkubwa,
napewa sekunde thelathini za kuhukumu.
Nikizidisha, taa yangu nayo inageuka njano
kwa mtu fulani, ghorofa fulani,
ambaye hajawahi kuniambia jina.

Saa hizi nawajua kuliko wake zao.
Tungaraza hutafuna tangawizi mbichi, uso kaukunja.
Malima alibandika jojo kwenye jicho la kamera
mara mbili. Elfu thelathini, mara mbili.
Ngassa Lushinge ana jino bovu, upande wa kushoto:
tangu Jumatatu analishika shavu kila akifika tuta
na sina mahali pa kuliandika.

Sisemi kamera ni shetani.
Mwezi wa nne, karibu na Mabuki, ilipiga kelele
Tungaraza akafumbua macho:
lori la pamba limekufa katikati ya njia, halina taa.
Akaishi.
Kesho yake akaja getini na sato wawili kwenye mfuko,
akaulizia, "Yule anayetuamsha ni nani?"
Mlinzi akamwambia si mtu, ni mtambo.
Sato wakaliwa na mlinzi.

Usiku huu Ngassa amebeba mabati ya Sengerema.
Zamani pale Kigongo pantoni iliwapa usingizi wa bure:
foleni, injini imezimwa, miguu juu ya dashibodi,
mpaka muuza mihogo agonge mlango, "Baba, zamu yako."
Sasa kuna daraja. Dakika chache na maji yameisha.
Simlilii pantoni mtu aliyelala humo na mgonjwa,
nasema tu kwamba macho nayo
yalikuwa na kituo chao.

Mashine inashtuka.
Ngassa. Macho yamefumba, sekunde mbili, tatu,
mkono umeacha usukani, unapiga hewa.
Ukiwa mbali utasema anaota.
Lakini mimi nimezaliwa Igombe.
Naona vumbi linalotembea mbele ya lenzi,
naona taa za daraja zimevaa moshi:
wadudu wa ziwani, wale wasiouma,
wanaozaliwa usiku mmoja kwa mamilioni
na kukuingia puani, mdomoni, kwenye chai.
Bibi alikuwa anafunika sufuria, basi,
anasema ziwa limepiga chafya.

Kitufe cha wadudu hakuna.
Sinzia ni elfu hamsini, na barua.
Zimebaki sekunde kumi na moja.
Ngassa anatema dirishani, anafuta macho kwa kiwiko,
anacheka peke yake, jino linamkatisha.
Tisa.
Nabonyeza Mengineyo. Naandika: wadudu wa ziwa.

Jibu linarudi kabla sijaishika glasi ya maji:
Fafanua.

Taa yangu imekuwa njano.
Ngassa ameshashuka upande wa Busisi,
ameweka mikono yote miwili pale inapotakiwa
kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.
Kisha anaitazama kamera, moja kwa moja,
midomo inacheza. Picha haina sauti.
Nadhani ni mwangaluka,
ingawa kunakucha bado sana,
nami naitikia, kwa sauti, chumba kitupu.

Halafu naanza kufafanua:
Kwetu mwezi ukiandama ziwa hu

Kisanduku kimejaa.