Kabla ya Ukurasa wa Kwanza

Mimi huandika. Sihukumu, siulizi.
Miaka kumi na tisa mahakama ya watoto, Punta Arenas,
upepo ukibisha madirishani
kama shahidi waliyesahau kumwita.

Leo wamemleta Eliseo Barría, miaka kumi na mitano,
mikono mirefu, suruali imemwishia juu ya kifundo.
Kosa la kwanza: koti, dukani kwa Don Fidel, mwezi Juni.
Kosa la pili: mtoto wa darasa la nne,
kamng'oa meno mawili kwa ajili ya glavu.
"Kwa nini?" jaji akauliza.
Akatazama viatu vyake.
Nikaandika: hakujibu.

Lakini ule Juni mimi naujua.
Ndio mwezi Gaspar wangu alirudi nyumbani
mkono wa sweta umelowa hadi kiwikoni,
anacheka, kijiko hakifiki mdomoni.
"Tumelifundisha koti la Chura kuogelea, mama."
Mlangobahari ule, na baridi ile!
Nikamwambia vua sweta, utapata homa.
Nikamwongezea supu.

Sikuuliza Chura ni nani.
Sikuuliza Chura alifikaje kwao.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha,
na usaha haukumrukia aliyetania:
umemfikia mtoto wa watu
asiyemjua Gaspar, wala koti, wala bahari ya siku ile.

Simtetei Eliseo.
Meno yale yalikuwa ndani ya bahasha, kielelezo namba tatu,
madogo kama punje za mchele.
Hakuna aliyemkunjia ngumi yake.
Ndivyo tunavyosema, tupate usingizi.

Faili linaanza na wizi. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, wizi.
Vidole vyangu vikagoma juu ya herufi.
"Karani, kuna tatizo?"
"Hapana, mheshimiwa."
Hilo sikuliandika.

Jioni Gaspar kaingia na upepo wake,
katundika koti msumarini, zito, kavu, la bei.
Nikalitazama mpaka supu ikashika chini ya sufuria.
"Mama, inaungua!"
"Iache. Keti.
Yule Chura, jina lake nani?"

Akaanza kucheka.
Nikamngoja amalize.