Bomba la Shaba

Alhamisi, baada ya isha, tulivua viatu mlangoni kwa Ghalib, Mabela,
watu kumi na mmoja, makobazi na raba vimelaliana,
tukaketi kuisikiliza albamu ya Azzan.

Azzan mwenyewe hakuja.
Alisema ana kiyoyozi cha mtu huko Barka, kinavuja.
Ndiyo kazi yake: mchana hupoza nyumba za watu.
Usiku alikata kipande cha bomba la shaba, urefu wa kidole,
akakipiga tupa mpaka kikaacha kukwaruza,
akakivaa kama pete ya posa iliyokosewa kipimo,
akakitelezesha juu ya nyuzi
mpaka gitaa likatamka
yale ambayo wanaume wa ukoo wao huyameza.

Nyimbo kumi. Wageni saba.
Mpiga udi wa Salala. Bibi wa Sur mwenye sauti ya mchanga.
Kijana wa hapa hapa Mabela, anaghani haraka kama anadaiwa.
Mzee wa fidla aliyejirikodi nyumbani kwake Dar,
na jogoo wake yumo.

Wimbo wa tatu haujesha, Suud akaanza:
"Hii bluzi gani yenye udi? Tia zafarani kwenye ugali,
ugali hauwi halwa."
Rayya akamjibu bila kumtazama:
"Na wewe umezaliwa Unguja, umekulia Ruwi, mkeo Mbulushi.
Nani kakuuliza wewe ni chakula gani?"
Tukacheka. Suud alicheka mwisho, kidogo.

Mwalimu Harith aliipenda yote,
hata ule wa kijana; akaomba urudiwe.
Nasriya akasema ule unamuumiza kichwa.
Ghalib, mwenye spika, alizungumzia spika.

Bi Zuwena kimya. Chai yake ya karaki imefanya utando.
Mwishowe:
"Wageni wengi mno.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu kawapa jembe siku ya kwanza,
wanalima, wanalima,
na mwenye shamba simwoni.
Nimekuja kumsikia mwana wa Jokha, nasikia harusi."

Hakuna aliyebisha.
Kimya nacho hupiga kura.

Kisha wimbo wa tisa.
Azzan peke yake. Hakuna udi, hakuna bibi wa Sur.
Shaba juu ya waya, inapanda taratibu
kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi,
inaifikia noti, inaipita, inairudia, inaipita tena,
na chini yake, mwanzo hadi mwisho, mngurumo.

"Kosa la kurikodi," Suud akasema. "Angelisafisha."
Ghalib aliziinamia spika zake, akazishuku.

Mimi niliujua mngurumo ule.
Ni kiyoyozi cha dirishani, chumbani kwa mamake,
kile kikongwe alichokitengeneza mara sita
akakataa kukibadilisha,
kwa kuwa marehemu alisema vipya havina sauti
na yeye asiposikia sauti halali.
Sikusema. Si langu kusema.
Na nisifiche: ule wimbo ni mrefu,
anaporudia sehemu ya katikati mara ya tatu nilitazama saa.
Lakini mkono wa mtu haukuifikia sahani ya halwa.

Saa sita kasoro akanipigia,
simu kaibana begani, nasikia spana zikigongana.
"Wamesemaje?"
Nikampa yote, sikupunguza:
zafarani, ugali, kichwa cha Nasriya, jembe.
Kwenye jembe alicheka hadi akakohoa.
"Mwambie Bi Zuwena, nyumba tupu inatisha."

Halafu: "Na ule wa tisa?"
"Suud anasema ungelisafisha."

Hakujibu.
Huko Barka kitu kikabofyezwa, kikatetemeka,
kikaanza kunguruma.
"Kimepona," akasema,
wala sijui alikuwa akimwambia nani.