Kidonda Ndugu

Alhamisi ya tisa.
Bisnath anavua kandambili moja;
mguu wa pili umekuja na mfuko wa mchele,
umefungwa kamba kwa ajili ya matope.
Nje, treni ya miwa inajikokota kuelekea kiwandani
na harufu ya molasi inaingia zahanati bila hodi.

Nabandua shashi.
Kipo palepale, chini ya kidole gumba,
msumari wa buti ulipoingia mwezi wa saba
naye akatembea nao shambani kutwa,
akaugundua jioni kwa kuona damu.
Maumivu hayakusema kitu.
Miguu yake iliacha zamani kumpelekea habari.

Mkewe, Phulmati, amekwishakizoea. Anasema
kinakula nasi, kinalala nasi, hakichangii hata senti:
huyo si kidonda, huyo ni shemeji.

"Sista Losalini, mjukuu wangu Tanvi
alichanwa goti na bati. Siku kumi, kovu.
Mimi nina nini?"

Namchorea nyuma ya bahasha ya eksirei.
Hizi ni seli za ngozi, hapa ukingoni.
Ngozi ikichanika huachiana mikono,
hujilaza bapa, hutambaa
kufuata harufu ya wenzao wa ng'ambo,
zikikutana husimama.
Hakuna kupona kwingine, mzee. Ni kutambaa tu.

Basi damu, wanasema, ni nzito kuliko maji.
Yako asubuhi hii imesoma kumi na tisa.
Humo seli zinapoteza njia: zinatoka, zinasita,
zinarudi zilikotoka kama mtu aliyesahau alichotumwa.
Nyuzi za chini, zilizopaswa kuvutika,
zimegandana kama peremende mfukoni mwa mtoto.
Na askari weupe wanafika wamechelewa,
kisha hawajui kuondoka,
wanabomoa usiku kilichojengwa mchana.

Anaitazama bahasha. Halafu viganja vyake,
miaka thelathini na minane ya mpini wa panga.
"Nilidhani," anasema,
"mimi ndiye niliyekuwa nikiikata."

Sina jibu. Nachukua kisu kidogo,
naparuza sugu, ule ukingo mweupe uliokufa,
mpaka nyama nyekundu ichungulie.
Hashtuki. Anasimulia bei ya tani.
Ningetoa mshahara wa wiki ashtuke.

Usikikanyage, namwambia. Anacheka:
msimu unaisha mwezi wa kumi na moja,
nani atakanyaga badala yangu?

Rula. Juzi milimita ishirini na mbili.
Leo ishirini na moja.
Napima tena, maana rula huteleza,
na mkono wangu nao una matamanio yake.
Ishirini na moja.

Naandika kwenye kadi.
Ananiomba niandike na kwenye bahasha,
pembeni mwa zile seli,
kwa tarakimu kubwa, Phulmati aone bila miwani.