Njia ya Kurudi Bila Mzigo

Kaumba, usifuate lami.
Lami ina wenyewe: malori ya madini
na madereva wasiolala,
wanaokuona wakiwa wamekwisha kukupita.
Nyuma ya soko la Ruashi, pale wanaponyoosha misumari mizee,
kata kushoto. Utaona ukuta wa matofali usiofika darini;
mwenyewe alikwenda Kolwezi kutafuta saruji.
Hapo ndipo njia inapoanzia,
upana wa tairi moja na mashaka.

Safari ya kuja mjini usiniulize.
Kuja una magunia manne ya makala
na fimbo uliyofunga kwenye usukani.
Hupandi baiskeli, unaisukuma siku mbili,
unaona mchanga na visigino vya aliye mbele.
Ukiniambia uliona ndege
nitajua ulipumzika mno.

Lakini kurudi!
Magunia yamekunjwa kama shuka za mgeni aliyeondoka,
sabuni, chumvi, betri mbili za redio,
na kinga yako nyepesi mpaka inakushtua,
kama mtoto unayembeba baada ya homa.
Ondoka saa kumi na moja alfajiri,
mbwa wa kampuni wakiwa wamechoka kubweka.

Kichuguu cha kwanza ni kirefu kama nyumba.
Mama Kyalwe amepanda maboga juu yake.
Mpigie kengele. Haitikii,
ila usipopiga atauliza una nini.
Cha pili kimekatwa nusu, wamekifyatulia matofali.
Cha tatu, hapo acha kukanyaga pedali.
Mteremko utakubeba wenyewe hadi kijitoni.
Usishike breki
(breki zako nazijua, hata ukishika).
Utasikia gurudumu la nyuma likihesabu, tik tik tik,
upepo ndani ya shati,
basi.
Miaka ishirini na mitatu
nimeupanda mteremko ule nikisukuma, nimeushuka nimekaa,
na sijui bado kama ni njia moja.

Watu watakusifia ukimya wake.
Ni kweli, kimya kipo.
Nilipoanza hakikuwapo.
Palikuwa na ndege mpaka husikii kengele yako,
na nyani wa kututukana,
na kivuli kilichotoka kichuguu cha pili
kikafika kijijini bila kukatika.
Septemba miombo ilichipua mekundu kabla ya tone la kwanza,
kana kwamba mvua iliiandikia barua, sisi ikatusahau.

Sikuambii ni kampuni peke yake.
Kampuni ilileta waya. Shoka lilikuwa langu.
Msitu ule nimeubeba mimi, gunia kwa gunia;
ukapika maharage ya Katuba, bukari ya Kamalondo,
ukakulipia shule hadi darasa la sita.
Goti langu la kushoto linaujua uzito wake.

Kwa hiyo ukifika pale peupe, pasipo mti,
usipige mbinja.
Si mwiko. Ni vile tu mimi
hupita pale kama mtu anayepita mlangoni
kwa anayemdai.

Mengine ni madogo.
Mchanga ukizidi, punguza upepo kwenye matairi.
Maji ya kunywa, chota juu ya kivuko, si chini.
Kwa Chansa munkoyo ni mzuri, hesabu zake mbaya.
Viraka vimo kwenye kopo la maziwa;
gundi imebaki kidogo, usimwazime mtu.

Na baada ya kijito, kisiki cha tatu mkono wa kulia:
mwaka jana kilitoa vijiti viwili, vyekundu,
vyembamba kama spoku.
Shuka. Vitazame vimefika wapi,
kiunoni, kifuani.
Usiguse. Njoo uniambie.

Pampu si yako.
Irudishe Jumanne.