Kinachojua Kulala

Bodi tatu juu ya kitambaa cha meza,
na nje, Luchelele, mvua inapiga upande mmoja tu wa nyumba,
upande wa ziwa.

Ya kwanza ni kompyuta nzima, ukubwa wa kadi ya mpiga kura.
Inaonyesha hata picha. Kizimbani nani atatazama picha?
Inakunywa umeme kama harusi inavyokunywa soda.

Ya pili ina waifai; inasema kabla haijaulizwa.
Niliipenda, nakiri, siku mbili nzima,
mpaka nilipoipeleka majini. Mnara uko nyuma ya mawe.
Ilikesha ikitafuta mtandao, ikiukosa, ikitafuta,
asubuhi betri imekauka kama dagaa wa juzi.

Ya tatu ni bubu.
Kumbukumbu yake haitoshi barua ya mapenzi.
Muuzaji wa Makoroboi alinionea huruma:
"Hiyo wanafunzi ndio wanaanzia, dada."
Lakini ukiiambia lala, inalala.
Kila robo saa inaamka, inapima, inaandika,
inarudi usingizini bila kupiga miayo.

Bi Nkwimba hana haja ya kujua miliampia.
Anachojua ni alfajiri moja ya Machi,
sato elfu nne matumbo juu,
na daftari la mlinzi likisema 6.2, 6.2, 6.2
tangu saa mbili usiku hadi kunakucha,
kalamu moja, mkao mmoja.
Magesa hakukana. "Niliziandika zote jioni, nikalala."

Basi nikanunua saa yenye betri ya sarafu,
maana chombo kilichopoteza wakati
hudanganya kwa unyoofu kabisa.
Nikanunua kadi ya kumbukumbu, halisi safari hii,
si ile ya buku tano iliyonimezea wiki mbili za Kayenze.
Kihisi cha joto, chenye koti la chuma.
Kihisi cha oksijeni, hapo nilinyamaza.
Bei yake ni bodi zote tatu, na sola, na nauli,
na chenji hairudi.
Bi Nkwimba alifungua pochi, akaifunga, akaifungua.
"Sato walikuwa ghali zaidi."

Usiku, moshi wa lehemu machoni,
nikajikuta nacheka peke yangu:
Magesa tumemsema mwalo mzima kwa kulala,
na mimi nimezunguka Mwanza wiki nzima
nikitafuta kinachojua kulala.

Nikafungua daftari lake tena, ninakili muundo wa safu.
Pembezoni, nje ya mistari,
mwandiko mwingine, wa mtu aliye macho:
*Jumapili. Maji yana ukijani, yananuka.*
*Jumatatu. Mnandi hawakuja.*
*Jumanne. Upepo umegeuka, chini kunapanda juu.*
Jumatano ndiyo ile alfajiri.
Sote tulisoma namba.

Bodi yangu haina pembezoni.
Ina saa, joto, oksijeni, volti,
na pini moja iliyobaki tupu.

Nikaweka kitufe hapo. Chekundu,
kimeng'olewa kwenye kengele ya mlango, shilingi mia tano.
"Ukiona kitu, bonyeza."
"Kitu gani?"
"Sijui. Ndiyo maana."
Magesa alikibonyeza mara tatu, kavukavu,
kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukikalia.

Leo nimeleta kadi mezani.
Safu ya tano: sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa baada ya ukurasa,
kisha juzi, saa kumi kasoro robo usiku,
moja.
Joto liko sawa. Oksijeni iko sawa. Volti ziko sawa.

Nimetafuta kalamu kwanza,
ndipo nikampigia.