Kimo cha Mtu na Nusu

Saa tisa usiku bomba linakohoa:
upepo kwanza, kisha kutu, kisha maji.
Nashuka kitandani bila kuwasha taa.
Mgao wa Madale hauna ratiba, una huruma tu,
na huruma ya leo ni ya saa moja na robo.

Nina ng'ombe wawili. Hereni ana mimba,
Kaskazi anakamuliwa.
Kaskazi peke yake hunywa madumu manne kwa siku;
akipungukiwa moja,
jioni ndoo ya maziwa inanisema mbele ya wateja.

Simu inawaka juu ya tangi.
Ni Mbonea, kaka yangu, kule alikokwenda kuchunga ng'ombe wa watu.
Kwao ni jioni, giza tayari.
"Nakijwa, leo nimepasua maji kwa shoka."
Nacheka peke yangu. Maji, kwa shoka!
"Usicheke. Ng'ombe mia mbili wamelizunguka hori,
mvuke unawatoka puani,
wanalitazama jiwe, wanajua kuwa ni maji."
Theluji imewafika magotini, anasema,
lakini mwenye ndama hawezi kulamba theluji akatosheka.

Nilidhani kiu ni mtoto wa jua.
Kumbe ana mama wawili.

Nikamweleza yangu:
mpira wangu umelala juani toka tangini hadi horini,
saa sita mchana unatoa maji ya kukorogea uji.
Kaskazi huchovya mdomo, huutoa,
hunitazama kama mteja aliyepunjwa chenji.

"Ufukie," akasema.
Wao walichimba kimo cha mtu na nusu,
wakalipita lile tabaka ambalo baridi hulifikia,
wakalaza bomba huko.
"Chini kule, dada, ardhi haina habari na Januari."

Jumamosi nikamwita Chogo, muuza maji, aje na sururu.
Akataka elfu kumi na tano na ubwabwa.
Tulifika magotini tu, mchanga ukawa mwamba.
"Mama, tunamzika nani?"
"Jua," nikamwambia.
Akatikisa kichwa, akaendelea kuchimba.

Kisha mgao haukuja siku nne.
Bomba lililofukiwa halileti maji,
huyatunza tu yaliyokuja.
Chogo yuleyule akarudi na mkokoteni,
dumu mia saba, hakunipunguzia hata shilingi,
na mimi sikumlaumu, naye ana watoto.

Siku ya tano, mchana, jua limesimama wima,
Kaskazi akainamisha kichwa.
Hakukitoa.
Nikaiweka simu karibu na koo lake,
nikarekodi: gu, gu, gu,
dakika nzima bila neno langu hata moja,
nikaituma.

Jibu liliingia usiku, nikiwa nangoja bomba likohoe.
Upepo mkali. Shoka, mara mbili.
Kisha gu, gu, gu,
na mtu akivuta kamasi,
sijui kwa baridi, sijui kwa nini.